Mkunga wa Krismasi ya Zizini

Nilitoka Tabora kwa treni hadi Itigi, na kutoka Itigi nikapanda lori lililokuwa likipeleka unga na majembe kwenye machimbo ya dhahabu. Siku nne za vumbi, nimekaa juu ya magunia, na jirani yangu akitapika kila tulipopita korongo. Saza nilikaa miezi saba. Nilikuwa nimesoma kuliko wachimbaji wenzangu wote, na elimu hiyo haikunisaidia kitu mbele ya sururu. Niliposikia kwamba ng'ambo ya Tunduma, kwenye migodi ya shaba, mtu anayejua Kiingereza anakaa ofisini, nilifunga blanketi langu nikaondoka kwa miguu. Nikashuka bondeni, nikavuka mto Songwe kwa kushikilia kamba pamoja na watu wenye mbuzi, kisha nikapanda milima ya Mbozi siku mbili nzima, mvua ikininyeshea mgongoni. Itaka nililala kwenye ghala la mahindi. Kesho yake adhuhuri niliingia katika kijiji kimoja cha wakulima wa kahawa. Nilikuwa nachechemea, koti limelowa, kofia yenye tundu kichwani, na ndani ya blanketi vipande viwili vya sabuni na pakiti ya chumvi.

Mwanamke mfupi mwenye fimbo alisimama katikati ya njia akanizuia.

"Umetoka wapi?"

"Saza, mama. Na kabla ya hapo, Tabora."

"Tabora ni mbali?"

"Mbali sana."

"Ni mashariki?"

"Kaskazini."

Akafikiri kidogo. "Kaskazini itatosha. Una nini kwenye huo mzigo?"

"Sabuni na chumvi."

"Vizuri. Wewe ni wa tatu. Wenzako wawili wako kwangu wanakunywa uji. Nenda ukanawe miguu, lakini koti usilivue."

Ilikuwa siku ya Krismasi, nami nilikuwa nimeshaisahau huko njiani. Hivyo nikawa majusi kabla hata sijaulizwa jina. Nilikuwa nimepanga kulala pale usiku mmoja. Nilikaa miaka kumi na moja, nikiwafundisha watoto kusoma katika shule ndogo ya misheni, na tangu hapo sijakaa mahali pengine popote hata nusu ya miaka hiyo.

Huyo mwanamke watu walimwita Mkunga. Majina alikuwa nayo, la nyumbani na la ubatizo, lakini sikumsikia mtu akiyatumia, nami nitaacha kuyatumia hapa. Alikuwa na mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake, na kikapu ambacho hakikumtoka begani: ndani yake uzi, wembe, kitambaa safi, na chini kabisa, kimefunikwa na kitambaa, kiko chake cha tumbaku. Kanisa lilikataza tumbaku. Mkunga alikubali kwamba tumbaku ni dhambi, akavuta nyuma ya nyumba, na Jumapili aliwakemea wavutaji wengine kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote. Nilipomuuliza hilo linakuwaje, alinijibu kwamba anayeijua dhambi vizuri ndiye anayefaa kuikemea.

Karibu kila mtu wa chini ya miaka thelathini kijijini alikuwa amepita mikononi mwake, na hakumruhusu asahau. Kiongozi wa kwaya alipokuwa mbishi kwenye kikao, Mkunga alisema mbele ya wote, "Huyu mwacheni. Hata kuzaliwa alitanguliza miguu." Hakujua kusoma. Lakini sura ya pili ya Luka aliijua yote kwa kusikia, na msomaji akiruka neno alikohoa hadi mtu yule arudi nyuma.

Krismasi yenyewe tuliiadhimisha mara mbili. Asubuhi tulikwenda ibadani misheni, safi, viatu mkononi kwa sababu ya matope, tukavivaa mlangoni. Mchana ilikuwa zizini, na hiyo ya zizini ilikuwa ya kijiji chenyewe, yaani ya Mkunga. Wazungu wa misheni waliijua, mara mojamoja walikuja kutazama, wakasimama pembeni wakitabasamu. Hakuna aliyeandika maneno ya kusema. Zilikuwepo taratibu tu, na taratibu hizo hazikuguswa.

Mtoto wa kulazwa horini alikuwa mtoto mdogo kuliko wote kijijini siku hiyo, awe wa nani, awe mzuri au mwenye makamasi. Mama yake ndiye Mariamu. Yusufu hakuwa baba wa mtoto bali mtu aliyesema sana kuliko wote mwaka ule, kwa sababu Yusufu katika Biblia hasemi hata neno moja. "Apumzike, nasi tupumzike," Mkunga alisema. Mamajusi walikuwa wanaume waliotoka mbali kweli, watu wa Saza, watu wa migodi ya shaba, wapita njia kama mimi, na zawadi walizotoa zilibaki kwa mama wa mtoto. Hakukuwa na manemane. Sabuni, chumvi, kipande cha kaniki, mara moja taa ya chemli. Mama maskini aliyezaa mwezi wa Desemba alihesabiwa mwenye bahati.

Na mkunga alikuwepo. Kila mwaka Mkunga mwenyewe alikaa karibu na hori, kikapu begani. Mwinjilisti, kijana aliyetoka masomoni, alijaribu kumrekebisha.

"Mkunga, katika Maandiko hakuna mkunga pale."

"Nani alimpokea mtoto?"

"Haikuandikwa."

"Haikuandikwa kwa sababu aliyeandika alikuwa mwanamume. Alikuwa amekaa nje anangoja kuambiwa. Kitovu kilikatwa na nani, Mwinjilisti? Yusufu? Seremala, kwa msumeno?"



Lililomsumbua Mkunga miaka yote lilikuwa milango. Kabla ya kufika zizini, Mariamu na Yusufu walizunguka nyumba kumi na moja wakiomba mahali pa kulala, na kila nyumba ilipaswa kuwakataa. Watu wa kule hawakuweza. Walikuwa wamekuzwa kwamba mgeni hafukuzwi, na mwanamke mwenye mimba ndiyo kabisa. Walikuja mlangoni wakasema, "Hakuna nafasi," kama walivyofundishwa, kisha wakaongeza, "lakini ngojeni kidogo," na wakaleta ugali wa ulezi na maharage, au ndizi, au maziwa ya mgando. Bibi mmoja alimkataza Mariamu kuondoka mpaka amalize bakuli. Mwaka wangu wa kwanza walifika zizini wameshiba, Yusufu amebeba mkungu wa ndizi begani, na Mkunga amekasirika.

"Mnakataa vibaya," aliwaambia watu. "Mngekuwa nyinyi Bethlehemu, Bwana angezaliwa kitandani, na sisi leo tungekuwa tunafanya nini hapa?"

Watu walicheka. Mwaka uliofuata walikataa vibaya vilevile.

Zizi lilikuwa la mzee mmoja wa kanisa, mtu mpole mwenye ng'ombe thelathini, aliyebatizwa siku moja na Mkunga. Alilifagia mwenyewe siku ya Krismasi na kuweka majani makavu katika hori, ambayo ilikuwa gogo lililochongwa la kulambishia ng'ombe chumvi. Mlango wa zizi ulikuwa miti mitatu mirefu iliyopitishwa kwenye nguzo, na kazi ya kuitoa ili Mariamu aingie aliifanya kwa mikono yake, kofia kwapani. Sidhani kama alikuwa na furaha kubwa kuliko hiyo kwa mwaka mzima.

Mwaka wangu wa tatu, wiki tatu kabla ya Krismasi, mke wa mtu aliyekwenda kwenye migodi ya shaba alijifungua mapacha, wasichana wawili.

Inabidi nieleze. Watu wa pale waliwaogopa mapacha kwa ajili ya ng'ombe. Mama wa mapacha hakukaribia zizi wala kunywa maziwa, kwani ng'ombe wangevimba matumbo na kukauka chuchu. Zamani ilikuwepo dawa. Familia ilitengwa kwa muda, ikapewa dawa, mifugo nayo ikapewa, kisha watu wakala pamoja na mambo yakaisha. Misheni ilikataza dawa. Hofu haikukatazika, kwa hiyo sasa ilibaki bila kitu cha kuimaliza. Yule mama alikaa kwenye kibanda nyuma ya migomba, na waliompelekea chakula walikiweka mbali wakaita, wakaondoka. Mtoto wa pili kati ya wale wawili ndiye alikuwa mdogo kuliko wote kijijini.

Siku mzee wa kanisa alipokuja kwa Mkunga nilikuwepo, nachambua maharage naye barazani.

"Karibu kiti, Mzee," Mkunga alisema.

"Sikai. Nimesikia mtoto wa mwaka huu ni wale."

"Ni wale."

"Kuna wa mke wa seremala. Ana miezi miwili, mnene, halii."

"Si mdogo kuliko wote."

Mzee alipangusa uso. "Mkunga, mimi na wewe tulibatizwa siku moja. Mimi mambo hayo siyaamini. Lakini ng'ombe wangu hawakubatizwa."

Mkunga alicheka hadi akashika kiuno. Yeye Mzee hakucheka.

"Mahari za wanangu watatu zimo mle ndani," alisema. "Wakifa, utanirudishia nini?"

"Sina cha kukurudishia."

"Basi na mimi sina la kuongeza." Akaaga kwa heshima zote, akaenda.

Nilimshauri Mkunga amchukue mtoto wa seremala. Mwaka mmoja tu, nilisema, watu watulie.

"Mwalimu, nikibadilisha mwaka huu, basi miaka yote tulikuwa tunachagua mtoto tunayempenda. Na yule mama atakaa nyuma ya migomba mpaka lini? Dawa hakuna. Unaijua dawa nyingine?"

"Kwani wewe huogopi?"

"Naogopa. Nilipomtoa yule wa pili nilinawa mikono kwa majani machungu mara tatu. Mimi na ubatizo wangu, nikanawa." Aliendelea kutupa maharage mabovu pembeni. "Nimezalisha kwa kuogopa tangu nianze. Mikono inafanya kazi, woga unakaa pale mlangoni unangoja. Ukiungojea uondoke kwanza, mtoto atakufa."

Siku ya Krismasi mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile ya kule, nyembamba na isiyokata. Tulianza mchana. Mariamu alijifunga nguo tumboni kama desturi, na Mkunga alimfuata akiwa amewabeba mapacha wote wawili, mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Yusufu alikuwa fundi cherehani, msemaji asiye na mfano. Siku hiyo hakuhitaji kukatazwa kusema. Sisi mamajusi tulifuata kwa mbali, kama ilivyokuwa taratibu: mimi, mtu mmoja aliyerudi kutoka kwenye migodi ya shaba akiwa na suti, na mwanakijiji mmoja aliyerudi kutoka Saza, mwenye ng'ombe wanne.

Nyumba ya kwanza mlango ulikuwa umefungwa, na hakuna aliyeitika, ingawa moshi ulitoka kwenye nyasi za paa. Nyumba ya pili sauti ilisema kutoka ndani, "Hakuna nafasi," ikanyamaza. Tulingoja ile "lakini". Haikuja. Nyumba ya tatu, hivyo hivyo. Bibi wa bakuli alifungua mlango upana wa kiganja, akamtazama Mariamu, akatikisa kichwa, akafunga taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa.

Kwenye nyumba ya saba yule mama alisimama katikati ya njia. Alikuwa ameelewa kabla yetu.

"Mkunga, nirudi nyumbani."

"Bado nyumba nne."

"Hawamkatai Mariamu. Wananikataa mimi."

"Najua. Tembea."

Akatembea. Sijaona tena mtu akitembea hivyo, si huko kwenye migodi wala katika miji yote niliyolala baadaye. Alibisha kila mlango kati ya ile minne, akaomba kwa maneno yote ya kuombea, akangoja jibu mpaka mwisho.

Tulipofika zizini miti mitatu ilikuwa mahali pake. Mzee wa kanisa alisimama kwa ndani, kofia kichwani, amelowa, na nyuma yake ng'ombe walisongamana wakitoa mvuke.

"Hapa hapana nafasi," alisema.

"Miaka yote nimewafundisha kusema hivyo, Mzee. Leo mmejua wote."

Mzee aliinamisha macho. Mkunga akageuka, akatuongoza nyumbani kwake.

Alikuwa na ng'ombe mmoja, jike mwekundu mwenye mimba, aliyempata kwa kukusanya malipo ya miaka ya kuzalisha, mbuzi hapa na mbuzi pale. Alimfuga kwenye kibanda kilichoshikana na jiko. Ndiye mali yake yote, hakuwa na mume wala mtoto wa kumtunza. Alimwingiza yule mama mle, akatandika kitambaa chake safi kwenye kihori cha chumvi, akawalaza mapacha wote wawili, kichwa cha huyu miguuni pa yule, kisha akakaa chini, kikapu begani. Ng'ombe akainama akawanusa. Akalamba pembe ya kitambaa.

Kijiji kizima kilikuwa kimetoka sasa, kimesimama njiani kwenye mvua. Zamu yetu ilikuwa imefika. Mtu wa migodi ya shaba alisema mguu unamuuma. Mimi nikaingia haraka, kifua mbele, msomi asiyeogopa mambo ya kishenzi, nikaweka sabuni yangu. Mkunga akaninong'oneza, "Usijivune, Mwalimu. Wewe huna hata kuku."

Yule wa Saza alibaki mlangoni. Nilimwona akigeuka kuangalia upande wa nyumba yake, walikokuwa ng'ombe wake wanne. Alisimama muda wa kuimba pambio zima. Kisha akainama, akaingia, akaweka kanga mpya miguuni pa mama wa mapacha, akamshika kila mtoto kichwani. Alipotoka alikwenda moja kwa moja nyumbani, akafungua banda lake na kuanza kuwalisha ng'ombe majani kwa mikono ileile, bila kunawa, na kila mtu alimwona.

Baadaye kidogo mwanamke mmoja alianza wimbo huko njiani. Wengine wakasogea chini ya paa la jiko kukwepa mvua, wakapokea. Hawakuingia. Lakini hawakuondoka pia mpaka wimbo ulipokwisha.

Kwa miezi mitatu iliyofuata Mkunga alipata wageni wengi kuliko wakati wowote. Kila asubuhi mtu alipita kumsalimu, na shingo ilirefuka kuelekea kibandani.

"Umeamkaje, Mkunga?"

"Ng'ombe ameamka vizuri," alijibu. "Na mimi pia, asante."

Kwa nje alikuwa hivyo. Kwa ndani, mimi niliyekuwa jirani yake nilimwona akienda kibandani mara tano kwa siku kumpapasa yule ng'ombe tumbo, na kiko kikawa hakizimiki. Mwezi wa tatu ng'ombe alizaa ndama jike, mzima. Maziwa yalipofaa kunywewa, Mkunga alimwita mama wa mapacha, akamketisha kwenye kiti kando ya njia siku ya kwenda sokoni, akampa kibuyu kimejaa. Mama yule alikunywa mpaka mwisho watu wakipita. Kesho yake mtu alipeleka chakula nyuma ya migomba, akaingia ndani, akakaa.

Mzee wa kanisa alikuja mwezi wa Novemba. Safari hii alikubali kiti.

"Mtoto wa mwaka huu ni nani?"

"Wa mke wa Mwinjilisti, akijaliwa."

"Zizi nimeshaanza kulifagia."

"Nimesikia ufagio," Mkunga alisema.

Krismasi hiyo milango ilikataa vibaya kuliko wakati wowote. Yusufu alihitaji mtu wa kumsaidia kubeba. Nyumba ya mama wa mapacha, ambayo sasa ilikuwa ya kumi na mbili katika mzunguko, ilitoa sahani mbili za ugali na jogoo. Nilimngoja Mkunga akasirike. Hakukasirika, wala hakuwalaumu tena kwa jambo hilo miaka yote niliyobaki.

Niliondoka mwezi wa Januari, mwaka wa kumi na moja. Hapakuwa na ugomvi wala msiba. Miguu yangu ilikuwa imeanza tena kutamani njia. Nilimkuta Mkunga barazani, macho yake sasa yalikuwa na ukungu, akichambua maharage kwa kupapasa tu.

"Nimekuja kuaga."

"Nilijua tangu Krismasi. Ulitoa zawadi kubwa mno. Unapita wapi?"

"Nilifikiri nirudi kwa njia ya Itaka na Saza, nifike Tabora niwaone watu."

"Mamajusi walirudi kwa njia nyingine," alisema.

"Wao waliogopa Herode."

"Na wewe unaogopa nini, kwenda mbele? Si ulikuwa unakwenda Tunduma nilipokuzuia?" Alinyoosha mkono. "Nipe kofia."

Nilimpa. Ilikuwa ile ile ya siku ya kwanza. Akatia kidole kwenye tundu.

"Mwaka huu nitahitaji wa tatu, na huenda akaja kichwa wazi."

"Atapita mtu, Mkunga."

"Atapita. Njia hii haikosi watu waliolowa." Akanifungia viazi vya kuchemsha kwenye jani la mgomba, akarudi kwenye maharage yake.

Njia ya Tunduma ilipita kando ya zizi la mzee wa kanisa. Ilikuwa saa ya kutoa ng'ombe kwenda malishoni, naye alisimama nje ameegemea fimbo, amezeeka. Wasichana wawili wa miaka minane walikuja mbio kwenye manyunyu, wakashika mti wa juu wa mlango, mmoja huku, mwingine kule, wakautoa, kisha wa pili, kisha wa tatu.

"Leo wamechelewa," Mzee aliniambia. "Nimejaribu kuwatoa mwenyewe. Ng'ombe wakiniona mimi hawatoki."

Nilisimama kando na mzigo wangu, mvua ikinidondokea kichwani, mpaka ng'ombe wote walipomaliza kupita kati ya wale wasichana. Kisha nikashika njia.